Ndoo nabeba kila siku, nguvu mbona zinaniisha?

Assalaamu alaykum Bi Somo, na shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Wete. Nina miaka 46, mume, na watoto wanne. Tangu mwaka juzi mama yangu mzazi yuko kwangu, baada ya kupata kiharusi kilichompooza upande wa kulia. Anakula, anasema, na ulimi wake ni mkali vile vile alhamdulillah, lakini hawezi kuinuka kitandani bila kushikwa. Mshikaji ni mimi.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Mwezi uliopita nilikuwa namtoa kitandani kumpeleka kukoga. Tulipokuwa nusu tumesimama, mgongo ukanichoma na mikono ikalegea, tukaanguka sote, yeye juu yangu. Hakuumia. Tena alicheka, akaniambia, "Mwanangu, umezeeka kabla yangu." Nami nikacheka. Usiku nikalia, kwa sababu ni kweli. Siku hizi hata kwenye sala, nikiinuka kutoka kwenye sijda natia mkono chini kama bibi kizee. Magoti hayaniumi. Nguvu ndizo hamna.

Bi Somo, mimi si mtu wa kukaa. Naamka saa kumi na nusu. Maji ya mfereji kwetu hutoka alfajiri, kwa hiyo nakinga ndoo sita saba nijaze pipa kabla hayajakatika. Namsafisha mama, namlisha uji, nawaandaa wadogo. Saa moja na nusu niko darasani na nasimama mpaka saa saba. Nikirudi ni jiko, ni nguo, ni mama tena. Msimu wa karafuu ukiingia tunakaa chini kuchambua mpaka usiku, maana mume wangu ana mikarafuu michache ya urithi. Baada ya isha, mama akishalala, ndipo napumua. Natazama tamthilia moja na watoto, saa tatu mpaka saa nne, kisha nasahihisha madaftari. Sasa mtu wa namna hii anakosaje nguvu? Kila ninayemwambia hunijibu, "Mazoezi gani tena zaidi ya hayo?"

Kujaribu nimejaribu. Mwaka jana mwalimu mwenzangu alinichukua jimu, siku ya kina mama. Kijana aliyekuwa akitufundisha aliniweka chuma mabegani, akanichuchumaisha mara sijui ngapi, huku anahesabu na kupiga makofi. Siku nne kukaa chooni ilikuwa mtihani. Sikurudi. Nikajiunga na kikundi cha mtaani cha kutembea asubuhi, nikakipenda, lakini mama alipoanza kuamka mapema nikaacha. Mara ya tatu nilianza peke yangu chumbani kwa kufuata video za kwenye simu. Wifi yangu akanifuma, akatangaza nyumba nzima kuwa nataka kuwa baunsa. Mume wangu si mtu mbaya, lakini aliniambia kwa upole kuwa kunyanyua vyuma kutanitoa umbo, na kwa umri huu nitavunjika. "Umeshachoka mchana kutwa, pumzika," ndiyo kauli yake.

Presha yangu mwezi huu ilikuwa 138 kwa 86. Daktari hakunipa dawa, alisema tuiangalie na nifanye mazoezi. Hakusema yepi. Uzito wangu ni kilo 74. Mtoto wangu wa kwanza ni wa kiume, ana miaka 19, amemaliza skuli yuko nyumbani anangojea kujiunga na chuo. Wa pili ana miaka 15, wa kiume pia. Wasichana ni wadogo.

Nimechelewa? Na kama sijachelewa, huo muda nitautoa wapi? Sitaki umbo la kwenye picha. Nataka nimwinue mama yangu tusianguke.

Mwalimu wa Wete

---

Waalaykumu salaam Mwalimu, marahaba.

Kwanza mfikishie mama salamu zangu. Mtu anayeanguka akacheka, na papo hapo akapata neno la kumchoma mwanawe, huyo kiharusi kimechukua mkono na mguu tu.

Nianze na hilo la "mazoezi gani zaidi ya hayo", kwa sababu hapo ndipo walipokufunga, na wewe ukakubali kufungwa. Wewe ni mwalimu. Chukua mtoto, mfundishe a, e, i, o, u leo, kesho mfundishe hiyo hiyo, endelea nayo miaka 25. Atachoka, utachoka, na kitabu hatasoma. Ndoo yako ya lita 20 ndiyo a, e, i, o, u. Mwili wako uliisoma tangu ukiwa msichana, ukajua kiasi gani cha nguvu kinatosha kuifikisha kwenye pipa, ukaishia hapo. Hauna sababu ya kujenga zaidi. Msuli haujali umefanya kazi saa ngapi. Huongezeka pale unapokutana na mzigo uliokaribia kuushinda, kisha ukapewa chakula na siku mbili za kutengenea. Kazi zako ni nyingi, nyepesi kwa mwili uliozizoea, na hazina siku ya mapumziko. Hapo mtu huvuna uchovu, na uchovu ndio ulionao.

Halafu piga hesabu. Tuseme mama ana kilo 55. Hizo ni karibu ndoo tatu kwa mpigo, hazina mpini, na zinaogopa kuanguka. Mwili uliozoea kilo 20 unadaiwa 55 ghafla, tena saa ya alfajiri ukiwa na usingizi. Mgongo wako haukukusaliti. Uliombwa kitu ambacho haujawahi kufundishwa.

Umri nao una lake, sitakuficha. Kuanzia miaka ya thelathini, asiyefanya mazoezi ya nguvu hupoteza asilimia 3 hadi 8 ya msuli kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi huongezeka. Sisi wanawake tuna na jengine: hedhi ikikaribia kukatika, homoni inayolinda mifupa hushuka, na mifupa huanza kupungua haraka kuliko zamani. Mfupa nao, kama msuli, hukaza pale unapobebeshwa uzito. Kwa hiyo mume wako akisema utavunjika, mwambie ni kinyume. Anayevunjika uzeeni ni yule ambaye mifupa yake haikupewa kazi nzito mapema.

Umechelewa? Mwaka 1990 madaktari wa Boston, Marekani, walichapisha habari za wazee 10 wa nyumba ya kulelea wazee, wenye umri kati ya miaka 86 na 96. Waliwapa mazoezi mazito ya miguu kwa wiki 8. Tisa walimaliza, na nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Mdogo wao alikuzidi miaka 40. Mimi mwenyewe nilianza nina miaka 53, baada ya kushindwa kupanda ngazi za boti na mkoba wangu mwenyewe, kijana akaniambia "nipe bibi nikubebee". Mkoba nilimpa. Neno lile sikumsamehe.

Yule kijana wa jimu alikuharibia kwa kipimo. Chuma hakina kosa. Mtu wa siku ya kwanza anapewa kidogo mpaka aone aibu, kwa sababu maumivu ya msuli mgeni hayaji siku ile, yanakuja siku ya pili na ya tatu. Maumivu madogo ya kukukumbusha kuwa una mapaja, sawa. Ya kushindwa kukaa chooni siku nne, hapana, huo ni ubabe. Kutembea nako ni kuzuri na siku ukipata nafasi urudi kwenye kikundi. Hapa kwetu kutembea tunakupenda mno. Kila tarehe 1 Januari vikundi vinajaa barabarani kwa nyimbo na fulana za rangi. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 una vipande viwili. Dakika 150 hadi 300 za mwendo kwa wiki, hicho tunakijua. Cha pili ni mazoezi ya nguvu ya mwili mzima, siku 2 au zaidi kwa wiki, na hicho ndicho kinachomwinua mama kitandani.

Siku mbili, Mwalimu. Sikukuambia sita.

Chagua Jumapili na Jumatano. Jumatatu na Alkhamisi nimeziruka makusudi, huenda ukawa miongoni mwa wanaofunga sunna. Na muda umeniandikia mwenyewe: saa tatu mpaka saa nne usiku. Tamthilia sikuondolei, Mungu aninusuru na laana ya watoto. Itazame ukiwa umesimama. Mazoezi ya nguvu yana mapumziko ya dakika moja na nusu au mbili baina ya kila mzunguko, na hapo ndipo utakapojua nani kamwacha nani. Nusu saa inatosha, iliyobaki kaa.

Vyuma usinunue. Una dumu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu la lita 20 lenye mpini na mfuniko mzuri ni chuma kinachoongezeka uzito kwa kikombe, jambo ambalo jimu nyingi hazina. Tafuta mawili ya aina moja, na uweke alama ya kalamu ubavuni kila lita 2.

Anza na kukaa na kuinuka. Kaa kwenye kiti cha kulia chakula, mikono kifuani, inuka bila kujishika, kaa polepole kama uliyebeba sinia la chai. Mara 8, pumzika, rudia, mizunguko miwili. Ikiwa 12 zinakwenda bila tabu, kumbatia dumu lenye lita 5. Kisha ongeza. Baadaye shuka kwenye kitu kifupi zaidi, mwisho kabisa kibao cha mbuzi cha kukunia nazi. Siku utakayoinuka kutoka kwenye mbuzi umekumbatia lita 10, ile habari ya kutia mkono chini kwenye sijda utaisahau, itaondoka yenyewe.

La pili ndilo la mama, nalo nataka ulifanye kwa adabu kubwa. Weka dumu chini baina ya miguu, lita 8 tu kwa kuanzia. Sukuma makalio nyuma, kama unavyofunga mlango mikono ikiwa imejaa vyombo. Mgongo uwe wa rukuu, ile rukuu tuliyofundishwa chuo cha Kurani kwamba ukiweka kikombe cha maji hakimwagiki, ila magoti yalegee kidogo. Shika mpini, dumu lisikae mbali na miguu yako, kisha simama kwa kusukuma sakafu. Wengi tunaokota vitu kwa kukunja mgongo kama ndoana na kuacha makalio na mapaja, misuli mikubwa kuliko yote mwilini, yakiwa yamelala. Zoezi hili linayaamsha. Mgongo wako ukishazoea, dumu likijaa lita 20, tumia mawili.

Kusukuma: simama mbali kidogo na ukuta, weka viganja, jishushe na ujisukume. Ukuta ukiwa mwepesi hamia kwenye baraza ya uani, kisha kitako cha kitanda. Sakafuni utafika, usiharakishe. Kuvuta: mkono mmoja juu ya kiti, mwengine unavuta dumu kutoka chini mpaka ubavuni. Na umalizie kwa kubeba madumu mawili, moja kila mkono, ukitembea ukumbini kwenda na kurudi, mabega yakiwa wima. Utaniambia "hilo si ndilo la kila siku?" Si hilo. Ndoo za alfajiri unabeba zile zile kwa haraka na kwa kuinama upande mmoja. Hapa uzito uko sawa pande zote mbili, na unaongezwa.

Utajuaje mzigo unatosha? Ukimaliza mzunguko, jiulize: ningeweza ngapi zaidi? Ukijibu mbili au tatu, ndio wenyewe. Ukijibu kumi, ongeza maji. Ukijibu "hata moja" umezidisha, mwaga. Ukifikisha mara 12 katika mizunguko yote, siku mbili mfululizo, ongeza lita 1 au 2. Na uandike. Mwalimu haingii darasani bila andalio la somo. Chukua daftari moja kati ya hayo unayosahihisha, andika tarehe, zoezi, lita, mara ngapi. Wiki za mwanzo utaona nguvu zinapanda bila mwili kubadilika: ni mishipa ya fahamu inajifunza kuita misuli iliyokuwa imelala. Msuli wenyewe huchukua miezi miwili mitatu kuonekana. Wanaoacha huacha katikati hapo, wakidhani hakuna kitu.

Presha yako haikukatazi, ila inakudai jambo moja: usibane pumzi. Toa pumzi unapoinua, vuta unaposhusha. Ukibana, presha inaruka juu muda ule ule. Endelea kupima kila mwezi. Siku ukiiona imefika 180 juu au 110 chini, usiguse dumu, nenda hospitali. Na huo mgongo: kama mpaka leo unauma, au maumivu yanashuka mguuni, au kuna ganzi, mguu unalegea, kaonekane na daktari kwanza. Ganzi ikiwa baina ya mapaja, au haja ndogo ikakutoka bila kujijua, hiyo ni ya siku ile ile, usingoje asubuhi.

Sasa mama. Nguvu zinakuja baada ya wiki, na yeye ana haja ya choo kesho. Kwa hiyo badilisha namna ya kumwinua leo. Mgeuze ubavu kwanza, miguu ishuke, akae ukingoni mwa kitanda apumue, maana akiinuliwa ghafla kichwa humzunguka. Kiti kiwe upande wake mzima, wa kushoto, karibu kabisa. Mfunge khanga iliyokunjwa kiunoni, fundo imara, hiyo ndiyo mpini wako. Nyayo zake zikanyage chini, ainame mbele, pua ipite vidole vya miguu. Wewe uwe mbele yake, goti lako likilizuia goti lake lililopooza lisikunjike. Shika khanga, hesabuni pamoja "moja, mbili, bismillah", akusaidie kwa mguu wake mzima, mgeuke kwa hatua ndogo, mkae. Asikuning'inie shingoni. Na ule mkono wake wa kulia usiuvute kabisa, kwapani pia usimnyanyue, bega lililopooza huchomoka kirahisi. Ukiweza kuonana na mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini, mpeleke mama na wewe mwenyewe, akuone unavyofanya. Anayesoma barua kama mimi haoni miguu yako imesimamaje.

Kuna jambo uliliandika mwisho, ukapita nalo mbio kama halina maana. Nyumba yako ina kijana wa miaka 19 anayengojea chuo, na ana mdogo wake wa miaka 15. Ndoo sita saba za alfajiri zinabebwa na nani? Na mama anainuliwa na nani? Mwalimu, mimi nimelea wanaume watatu, najua tunavyowaharibu kwa mikono yetu. Hatuwaambii kwa sababu "wamelala". Watalala baadaye. Bibi yao kumkogesha si kazi yao, kuna sitara yake, nalielewa hilo. Lakini kutoka kitandani mpaka kwenye kiti, akiwa amevaa, kijana anashika upande mmoja wa khanga na wewe mwengine, na mzigo wa 55 unakuwa wa nusu. Ndoo zile zikienda kwake, alfajiri yako inapata dakika 20. Usizijaze kazi nyengine. Zilale.

Maana usingizi nao ni sehemu ya hesabu hii. Kulala saa tano na kuamka saa kumi na nusu ni chini ya saa sita, na mwili hujitengeneza umelala. Madaftari mengine yasahihishwe darasani na watoto wenyewe kwa kubadilishana. Nilishamwona mwalimu akifanya hivyo na skuli haikuanguka.

Chakula. Kwa kilo zako 74, mtu anayejenga nguvu anahitaji kama gramu 90 za protini kwa siku, ikiwa figo ni nzima. Chai na mandazi ya saa nne skulini haina kitu humo. Yai moja ni gramu 6, kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja ni kama 20 na ushei, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, glasi ya maziwa 8. Mayai mawili asubuhi, samaki mchana, samaki tena au dagaa usiku, maharage au choroko na maziwa katikati, umekaribia, na mkate na wali watatimiza. Hapo hakuna cha kununua dukani kwenye kopo. Taabu ni nyengine, na naijua kwa sababu ni yangu pia: mapande manono ya samaki tunawapakulia wao, sisi tunabaki na kichwa, mkia na mchuzi. Jipakulie pande kabla hujageuza chungu.

Ramadhani ikifika usiache. Fanya mara moja kwa wiki baada ya tarawehe, lita zile zile, mizunguko michache. Nguvu zilizokwishapatikana hushikika kwa kidogo.

Nimebakiwa na wifi na mume. Wifi mwache, atachoka kutangaza. Kuhusu umbo la kiume, jibu ni homoni: wanaume wanayo ile ya kujenga misuli mikubwa kwa wingi mara nyingi kuliko sisi, na hata wao hutoka jasho miaka kabla ya kuota hayo mabega. Wewe kwa nusu saa mbili za wiki utapata mapaja yanayokaza na mgongo ulionyooka. Baba watoto usibishane naye. Amesema kwa upole, naye mjibu kwa upole: muombe akukalie kwenye kiti cha kulia, mikono kifuani, ainuke mara 12 polepole bila kujishika. Asipoinuka, mna mwanafunzi mwengine. Akiinuka, mwambie akushikie tamthilia isimame unapokwenda kujaza dumu. Na ufanyie ndani, kwa suruali na fulana. Dera lina uzuri wake, lakini ukirudi nyuma umebeba lita 20 litakufunga miguu.

Jumapili hii, basi: kiti mikono kifuani bila dumu, lita 8 za chini, ukuta, na mizunguko miwili tu hata ukijiona unaweza minne. Baada ya wiki sita niandikie, usinieleze unavyojisikia, ninakilie daftari: lita ngapi, mara ngapi. Na kesho alfajiri maji yakitoka, mwamshe kijana. Ndoo zote zake. Mwambie akujazie na madumu yako mawili, mpaka kwenye alama, asizidishe.

Bi Somo